Ramani Isiyoishi Bila Mimi

Jumatano, tarehe 12 Machi, mwaka wa 7 wa enzi ya Reiwa

Theluji tena. Nimepiga sepetu dakika arobaini kabla ya kutoka nyumbani. Nimefika ofisini wa kwanza. Hakuna aliyeniona nikifika wa kwanza.

Habari mbaya. Mzee Iwabuchi, fundi wa hita zetu, husikia kila kitu kwa sababu hakuna anayemkumbuka akishaingia chini ya meza. Leo amenivuta kando karibu na mashine ya kahawa. Anasema jana alikuwa chumbani kwa meya akikaza skrubu, akasikia orodha ya uhamisho ikisomwa. "Jina lako limetajwa mara mbili, kijana wangu. Mara ya pili wakacheka." Nikamuuliza wamecheka vipi. Akafikiri kidogo. Akasema wamecheka kwa furaha.

Kwa furaha! Mimi, Hatakeda Morio, miaka arobaini na moja, mtu wa meza ya ramani katika Kitengo cha Maafa, halmashauri ya mji wa Kamitoge. Miaka kumi na moja kwenye meza hii bila hata kuitwa msimamizi, wakati wenzangu wote niliosoma nao wana vibao vya cheo mbele yao. Sasa wanataka na meza yenyewe. Iko karibu na hita! Inatazama dirisha! Ni mwendo wa dakika nne kwenda kula kwa Mama!

Uhamisho kwetu hauulizwi. Tarehe 24 unaitwa, unapewa karatasi, unainama, unasema ahsante. Tarehe mosi Aprili unabeba boksi lako. Aliyekuwa maji safi anakwenda maktaba. Aliyekuwa maktaba anakwenda kwenye tanuri la kuchomea maiti.

Na mimi najua ninakopelekwa. Meza ya dubu, Kitengo cha Wanyamapori. Iko wazi tangu vuli. Aliyekuwa pale alikaa juu ya paa la banda mchana kutwa, dubu yuko chini anakula matunda kwa raha zake. Siku hizi mtu huyo hutembea na kengele tatu kiunoni hata akienda chooni.

Nimeamua. Sihami ng'o! Na njia ninayo. Mtu asiyehamishika ni mtu ambaye kazi yake haielewi mwingine yeyote. Kazi kubwa ya msimu huu ni ramani ya tetemeko. Kila nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka wa 56 wa enzi ya Showa, wakati sheria ya ujenzi ilikuwa bado ya zamani, inapakwa rangi nyekundu. Kisha wakaguzi wanakuja kukagua arobaini kati ya hizo, kabla ardhi haijatikisika. Ramani hiyo inatoka kwenye kompyuta yangu, kwa swali la SQL, lugha ya kuulizia majedwali ya kompyuta, nililoliandika mimi. Inatakiwa Jumatano ijayo.

Hapa jengoni hakuna mwingine anayejua SQL. Labda Bi Nishigori wa meza ya kodi, kidogo. Ana miaka ishirini na tisa na kalamu za rangi sita, na zote zina wino. Simwamini.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi imeanza.

Kwanza, majina. Jedwali la nyumba za mji lina safu zenye majina ya wazi mno. "Mwaka." "Enzi." "Paa." Mtoto wa chekechea angeelewa! Nimeyabadilisha yote. Nimetumia mboga za chumvi za Mama, kwa mpangilio wa mapipa yake barazani: figili, kabichi, biringanya, tango, tangawizi. Sasa swali langu linataka kujua kabichi ya kila nyumba. Jasusi yeyote atadhani ni orodha ya sokoni.

Pili, kufuli. Hili najivunia. Kibodi zetu zina nafasi, yaani uwazi kati ya neno na neno, za aina mbili. Ipo nyembamba, na ipo nene yenye upana wa herufi ya Kijapani. Jicho halioni tofauti. SQL inaona, na nene haiitaki hata kuisikia. Basi nimepanda nafasi nene nne ndani ya swali. Mimi nikitaka kulitumia, nazitoa nne, naliendesha, nazirudisha. Mwingine akilinakili anaambulia maandishi mekundu tu.

Tatu, mwongozo wa kazi. Kurasa kumi na mbili, nilizoandika mwenyewe mwaka juzi kwa wema wa kijinga. Nimeutia kwenye mashine ya kukata karatasi. Mashine imekwama ukurasa wa nane. Nimemalizia kwa mkono, nyuma ya kabati.

Saa nane mchana Bi Nishigori amekuja. Ameinama. Amesema Mkuu Mikuriya, bosi wa kitengo chetu, amemwomba ajifunze ramani kidogo, endapo tu. Endapo! Endapo nini? Endapo nitaliwa? Nikampa nakala ya swali kwa mikono miwili na tabasamu pana. Saa tisa na nusu amerudi. Limekataa. Nikashusha pumzi ya kitaalamu, nikamwambia mambo haya yanataka miaka. Akauliza, kwa adabu zake zote, biringanya inahusiana vipi na sheria ya majengo. Nikamwambia ni istilahi. Akaandika "istilahi" kwa kalamu ya kijani.

Siku njema kabisa. Nimekula mabakuli matatu ya supu. Mama ameniuliza nani amefariki, maana mimi hula hivi kwenye misiba.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ndiyo siku ya wanaume kulipa zile chokoleti za Februari. Bi Nishigori alitupa wanaume wote wa ghorofa kipande kimoja kimoja, sawasawa, kwa orodha. Nimemnunulia biskuti za kisanduku cha buluu. Za kisanduku chekundu zilikuwa nzuri mno kwa adui. Nia yangu ilikuwa kumlainisha na kumpeleleza.

Akashukuru. Akala moja. Kisha akaomba, kama haitanisumbua, niliendeshe swali mbele yake ili aangalie mikono yangu. Mkuu Mikuriya akasikia. Akaja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu. Wakaja na wengine wawili ambao hawakuwa na kazi yoyote.

Sikuwa na wasiwasi. Nikatoa kufuli zangu nne kwa siri, haraka haraka, huku nikijikuna. Nikabonyeza.

Maandishi mekundu. Kuna kosa.

Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Kuna kosa. Jasho likanitoka na nje kuna theluji! Kumbe niliweka kufuli tano. Hapana shaka ya tano niliiweka baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimevimba kichwa. Iko wapi? Sijui! Nimeificha vizuri kiasi kwamba hata mimi sina nafasi ya kuiona.

Nikasema kompyuta imeshikwa na baridi. Mkuu akanywa chai yake akitazama hita iliyoko hatua moja kutoka kwangu. Bi Nishigori akala biskuti ya pili taratibu, bila kuniondolea macho. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumamosi, 15 Machi

Ofisini peke yangu. Nina rula. Nafasi nene inazidi nyembamba kwa milimita moja hivi. Nimeiweka rula kwenye skrini na kupima swali zima, mstari kwa mstari, mistari ishirini na sita.

Saa sita Mama amekuja na vitonge vya wali, amevaa viatu vya theluji vya marehemu Baba. Ameniona nimebandika pua kwenye kioo na rula mkononi. Amesema, "Morio, mwanangu, unashona?" Nikamweleza natafuta nafasi. Mama akatazama ofisi nzima, meza thelathini tupu, akaniambia nafasi zimejaa tele, nikae ninapotaka.

Saa tisa nikakata shauri. Mwanaume hatafuti, mwanaume anaandika upya! Nimelifuta swali lote na kuliandika upya kwa kichwa. Kabichi ni mwaka, hilo nalikumbuka. Kabichi iwe chini ya 56, nyumba iwe nyekundu. Kulikuwa na kipande kingine kuhusu figili. Figili ni tatu? Tatu za nini? Nimekaa nikawaza figili mpaka njaa ikanirudia. Nikaona lilikuwa pambo tu. Nimeliacha.

Nikabonyeza. Limekubali! Hakuna herufi moja nyekundu! Nimepiga kelele hadi Mzee Iwabuchi akachomoza kichwa kutoka chini ya meza ya tatu. Sikujua kuwa yupo.

Kisha ramani ikajichora. Mungu wangu! Nyekundu tupu. Mtaa wa juu mwekundu, mtaa wa chini mwekundu. Nyumba 1,946 za mji mzima, nyekundu ni 1,872. Nilistuka kidogo, kusema kweli. Halafu nikatulia na kufikiri kama mkakati unavyotaka. Mji wenye hatari ndogo unaweza kumhamisha mtu wa ramani. Mji wenye hatari kila mlango utamhamishaje?

Jumatatu, 17 Machi

Nimewasilisha. Mkuu Mikuriya ameitazama ramani, akakaa. Ni mtu mpole, anayeamini kila kilichochapwa kwa rangi. Ameweka kidole juu ya nyumba yake mwenyewe. Ameijenga mwaka juzi. Mkewe bado hajatoa nailoni kwenye kochi. Nyekundu.

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina uhakika. Nikamwambia SQL haina upendeleo, Mkuu. Nikamwonyesha nyumba yetu mimi na Mama, ya mwaka wa 59 wa Showa, nyeupe pe, katikati ya bahari ya damu. Huo ni usahihi!

Ndipo Bi Nishigori, aliyeitwa kuandika kumbukumbu za kikao, akainua mkono nusu. Akaomba radhi kwa kutoelewa. Akauliza kwa nini shule mpya ya chekechea, ambayo utepe wake umekatwa Oktoba na bado inanuka rangi, ni nyekundu. Nikasema kwamba ramani inaona mambo ambayo pua haiyaoni. Mkuu akatikisa kichwa kwa huzuni na kukubali. Nikamkata jicho Bi Nishigori. Yeye alikuwa anaandika.

Barua za kuwaarifu wenye nyumba nyekundu zitapelekwa Jumatano. Jioni Mkuu ameniambia, "Hatakeda bwana, sijui tungefanya nini bila wewe." Maneno hayo hayo! Nimeyaandika hapa ili nisiyasahau.

Jumanne, 18 Machi

Siri imevuja. Nani mwingine kama si Mzee Iwabuchi? Amemwambia kinyozi, na kumwambia kinyozi wa Kamitoge ni sawa na kutumia vipaza sauti vya mji. Simu hazijanyamaza tangu asubuhi. Mtu wa mtaa wa chini anauliza kama akalale kwenye gari. Mwenye duka la tambi anauliza kama ateremshe mabakuli yote kwenye rafu. Nimewajibu wote kwa sauti ya utulivu. Najisikia mtu mkubwa.

Saa nne ameingia Bi Kuwagata. Ana miaka themanini na nane, anaishi peke yake mwisho wa mtaa wa juu. Mkononi ana sufuria, mgongoni ana godoro limefungwa kamba, na ndani ya koti ana paka. Akasema hawezi kulala kwenye nyumba nyekundu. Akauliza meza ya mwenye ramani ni ipi. Akakaa kando ya hita yangu, akavua viatu, akampa paka samaki mkavu. "Usijali, mwanangu, fanya kazi yako, sisi hatuna makelele."

Ikabidi nimtazame. Nyumba yake naijua. Ya mwaka wa 28 wa Showa. Imeinama kuelekea bondeni, na theluji ya mwaka huu bado imelala juu ya paa. Mlango wake anaufunga kwa kuuegemeza jiwe. Kama kuna nyumba moja katika mji huu ambayo wakaguzi wanatakiwa waifikie kesho asubuhi, ni hiyo.

Saa nane Mkuu ametoa uamuzi. Wakaguzi wana uwezo wa nyumba arobaini, sisi tuna 1,872. Itapigwa kura ya bahati, ili kusiwe na manung'uniko. Wameleta lile pipa la kuzungusha la bahati nasibu ya mwaka mpya kutoka mtaa wa maduka. Mipira 1,872 haikuenea ndani. Wakaamua watafanya kwa awamu. Bi Kuwagata akaniuliza bahati yake itakuwaje. Nikapiga hesabu kichwani. Ni kama moja kwa arobaini na saba. Nikamwambia ni nzuri.

Niliona haya. Sijawahi kuandika hivyo humu, lakini niliona haya. Akanipa kipande cha samaki wa paka, nikakila.

Jumatano, 19 Machi

Nimewahi saa kumi na mbili na nusu. Nimeapa kwamba swali hilo litasema ukweli leo kabla barua hazijatoka saa sita, hata nikifia kibodini. Nilimkuta Bi Nishigori tayari amekaa kwenye kiti cha pembeni, na kalamu zake sita. Hakuniuliza chochote. Akasema tu kwamba Bi Kuwagata amelala kwenye chumba cha wageni cha halmashauri, na paka amekojoa kwenye zulia la meya.

Tukaanza. Akaniuliza tango ni nini. Paa. Biringanya? Eneo. Kabichi ni mwaka. Na figili? Nikasema figili ni jambo la ndani. Akaniuliza tena, taratibu, kama daktari: Bwana Hatakeda, figili ni nini? Nikasema sikumbuki.

Hakucheka. Ningefurahi angecheka. Akafungua jedwali na kupanga figili zote kwa mfuatano. Moja chache, mbili chache, halafu tatu nyingi, nne nyingi, tano kidogo. Hakuna sita. Akagonga skrini kwa kalamu. "Bwana Hatakeda, hii ni enzi."

Enzi! Moja ni Meiji, mbili ni Taisho, tatu ni Showa, nne ni Heisei, tano ni Reiwa. Kila mfalme akija sisi tunaanza kuhesabu upya kutoka moja. Chekechea imejengwa mwaka wa 6. Wa 6 wa Reiwa! Lakini mimi nimeiuliza kompyuta namba peke yake, na sita ni chini ya 56, ikaipaka nyekundu bila kinyongo. Nyumba ya Mkuu, mwaka wa 5. Nyekundu. Kila kilichojengwa Heisei yote, miaka thelathini na moja, nyekundu. Nyumba nyeupe zilikuwa zile chache za miaka ya mwisho ya Showa tu, ikiwemo yetu mimi na Mama. Ule usahihi wangu!

Nikamwambia nilijua tangu mwanzo, nilikuwa namjaribu. Akasema ahsante kwa mafunzo. Akaongeza maneno machache tu: figili isizidi tatu. Akabonyeza. Nyumba 412. Tukazipanga kwa umri, tukatanguliza wazee wanaoishi peke yao. Bi Kuwagata akatoka wa sita. Wa sita! Nilipiga meza kwa ngumi, chai ikamwagika juu ya mipira ya bahati nasibu. Nilifurahi kweli, kwa ajili yake, dakika nzima.

Mkuu alikuja akiwa karibu kulia. Akauliza nani ameokoa mji. Bi Nishigori akainama. Akasema Bwana Hatakeda ndiye anayeijua ramani, yeye alikuwa anashika kalamu tu. Ndivyo mtu mdogo anavyotakiwa kumsema mkubwa wake, hata kama mkubwa mwenyewe ni gogo. Na mkubwa anatakiwa kukataa mara mbili. Nilikataa mara moja, kisha nikakubali kwa kuwa muda ulikuwa umebana.

Alhamisi, 20 Machi

Sikukuu ya kuzuru makaburi. Nimekwenda na Mama kufukua kaburi la Baba kwenye theluji. Tumeliosha jiwe lake, tumemwachia keki za maharage. Mama amemweleza Baba kwa sauti kwamba nimepaka mji mzima rangi nyekundu kisha nikaufuta. Halafu akaomba nipate cheo kabla hajafa yeye. Mimi niliomba kitu kimoja tu: kiti changu kisitikisike. Nimepiga makofi mawili, kama tunavyoomba kwenye hekalu la miungu, ingawa kaburini hatupigi. Mama amenifinya.

Ijumaa, 21 Machi

Siku kuu ya maisha yangu!

Mkuu Mikuriya ameniita, akafunga mlango. Mezani kwake kuna karatasi, imefunikwa kwa folda, na penseli nyekundu juu yake. Akazungukazunguka. Akaongelea theluji. Akaongelea miaka yangu kumi na moja. Kisha akauliza, kwa uaminifu kabisa, eti mtu mwingine akikaa kwenye meza yangu, kwa mfano tu, ramani itaendelea?

Niliusubiri mlango huo ufunguke siku tisa. Nikaketi wima. Nikamwambia haitaendelea, Mkuu. Hata wiki moja.

Akauliza je, kama ningeandika mwongozo. Nikamwambia haiandikiki. Akauliza je, Bi Nishigori. Nikamwambia ni mwepesi, lakini alihitaji asubuhi nzima kutambua figili moja. Akaniangalia kwa muda mrefu. Alionekana ana majonzi. "Una uhakika, bwana? Fikiri vizuri. Mimi nilitaka…" Nikamkatiza! Sijawahi kumkatiza mkuu maishani mwangu. Nikasema nina uhakika kwa asilimia mia, na kwamba niko tayari kuzeekea kwenye meza hii.

Akashusha pumzi. Akainua folda kidogo, akachora mstari kwa penseli nyekundu. Akaandika kitu pembeni. Nilisikia penseli ikikwaruza, na moyo wangu ukacheza ngoma. Kwaheri, dubu!

Jumatatu, 24 Machi

Orodha imetoka.

Hatakeda Morio, hapo hapo. Nimeinama, nimesema ahsante. Nikarudi mezani nikajipongeza kwa kahawa mbili.

Kisha wakasoma jina lililofuata. Bi Nishigori Fumie, Msimamizi wa Kitengo cha Chemchemi za Maji Moto. Msimamizi! Akiwa na miaka ishirini na tisa! Ofisi yao iko ndani ya jumba la kuogea la mji, mvuke unapita chini ya sakafu, na msimamizi anaingia majini mchana akitaka, kukagua joto. Nikapiga makofi pamoja na wengine. Nikajiuliza amemhonga nani.

Mzee Iwabuchi alikuwa chini ya meza yangu akigongagonga hita. Alipotoka alinipa pole. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Kwani hujui? Ile ya chemchemi ilikuwa yako. Hadi Ijumaa asubuhi." Mara ya kwanza walilitaja jina langu, akasema, ilikuwa kwa ajili ya cheo. Mara ya pili meya aliuliza kama kuna taulo la kunitosha, ndipo wakacheka. Kwa furaha, kama alivyoniambia mwanzo. Mkuu Mikuriya ndiye aliyenipigania. Ijumaa mchana akapanda juu akaliondoa jina langu, akawaambia mji hauwezi kuhatarisha roho za watu, Hatakeda haachiki.

Na meza ya dubu? Imefutwa tangu Januari. Kazi wamepewa wawindaji.

Nimekwenda chooni nikajifungia. Nimeula wa chuya, na niliupika mwenyewe. Nimelia kidogo. Nilitaka kile kibao. Miaka kumi na moja nimekitaka. Nyumbani nimemwambia Mama nimebaki kwa sababu sina mbadala. Ameniongezea supu bila kuniuliza nani amefariki.

Jumanne, tarehe mosi Aprili

Bi Nishigori ameondoka asubuhi na boksi lake. Ameinamia kila meza, yangu mwishoni, kwa muda mrefu zaidi. Aliniachia bahasha.

Kurasa mbili, rangi sita. Ameandika maana ya kila safu. Amerudisha majina ya zamani yote, wazi, ya chekechea. Kufuli ya tano ameipata kwenye ile nakala niliyompa mwanzoni, mara tu baada ya biringanya. Chini kabisa ameandika kwamba ramani sasa inaweza kuendeshwa na yeyote, ili mwakani Mkuu asiwe na sababu ya kunizuia. Masika yajayo wanafungua jumba la pili la kuogea. Litahitaji msimamizi. Ameshanitaja.

Nimeisoma mara mbili. Binti wa watu! Na mimi nilimpa za kisanduku cha buluu.

Nikaifikiria hadi saa nne. Kisha nikaiona hatari, wazi kabisa, na nikashangaa ilivyokuwa karibu kunipita. Ramani ikiendeshwa na yeyote, Mkuu hatanihitaji. Asiponihitaji, hataniheshimu. Asiponiheshimu, atanipaje cheo? Kosa langu la mwezi Machi lilikuwa moja tu: nilijifanya muhimu kwa kiasi. Walidhani wananihitaji hapa. Sasa nitahitajika kupita kiasi, hadi wanipandishe cheo kwa woga.

Nimebadilisha majina yote tena. Safari hii ni vituo vya reli kuanzia hapa hadi baharini, kwa mpangilio wa kurudi. Nafasi nene kumi na saba. Sikuandika popote zilipo, kichwa changu kinatosha.

Kurasa za Bi Nishigori sikuzitupa, mimi si mnyama. Nimezikunja mara nne nikazisokomeza chini ya mguu wa meza, uliokuwa unacheza. Sasa meza imetulia kabisa.